Jibu Lisilolipiwa Mji

Barabara ya Ggaba hushuka kutoka Kabalagala, ikapita Kansanga na Bunga, hata ikaishia mwaloni Ggaba, ukingoni mwa ziwa ambalo ramani huliita Victoria na Waganda huliita Nalubaale. Atakayeipita usiku katika majuma ya mitihani, na akasimama kidogo Kansanga mbele ya lango la Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, kijulikanacho zaidi kwa herufi zake tatu, KIU, atawaona wapika chapati wakikoleza mkaa na kuvunja mayai kwa ajili ya ile rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, ambayo ni karamu ya mwanafunzi mwenye fedha kidogo. Atasikia mashine za fotokopi zikiguruma katika vibanda vilivyobanana. Na katikati ya moshi na honi za boda boda atapishana na vijana, wa kiume na wa kike, walioinamisha nyuso, si kwa haya wala kwa huzuni, bali kwa kuwa nyuso hizo zinamulikwa na simu.

Chuo hicho kilifungua milango yake mwaka 2001, na tangu hapo kimeigeuza Kansanga kuwa bandari isiyo na bahari. Waganda wenye mji hukutana hapo na Wakenya, Watanzania, Wasomali, Wasudani wa Kusini, Wanyarwanda, Warundi na Wakongo. Na Kiswahili, ambacho kwa miaka mingi watu wengi wa Buganda walikitazama kwa shaka kuwa ni lugha ya kambi na amri, pale ni lugha ya kununulia nyanya, kukopeshana nauli, na kuulizana kama madesa yamepatikana. Neno hilo la madesa ni la Watanzania, walilozoea katika vyuo vya kwao, na maana yake ni zile karatasi za mihadhara zinazopokezanwa mkono kwa mkono. Nalo limepata maisha mapya tangu mkono ulipoachia kazi hiyo ikafanywa na kidole gumba.

Kwa maana kila darasa siku hizi lina kundi lake la WhatsApp, na kila kundi lina tabia ya msimu. Wiki za mwanzo wa muhula hupita kwa salamu, taarifa za misiba na mizaha. Walakini mtihani ukikaribia, mfereji hufunguka mara moja: picha za daftari zilizopigwa kwa haraka hata kidole cha mpigaji kikaonekana pembeni, vitabu vya kurasa 300, mitihani ya miaka iliyopita, sauti ya mhadhiri iliyorekodiwa kutoka kiti cha nyuma. Mwenye kupeleka huombewa dua, mwenye kupokea huhifadhi, na wote wawili hulala kwa amani kana kwamba elimu imekwisha kuhama kutoka simu hii hadi ile, na kutoka simu hadi kichwani. Makala haya yana neno moja tu la kusema juu ya amani hiyo, nalo ni kwamba haina msingi. Na kwamba simu ile ile iliyoileta yaweza kuwa mwalimu mwema, maadamu itaacha kumwaga majibu na kuanza kuuliza maswali.

Waswahili wa zamani waliijua siri hii, ijapokuwa hawakuiita elimu ya nafsi. Mtegaji husema, "Kitendawili!" na waitikao husema, "Tega!" Fumbo likisha kutolewa, wasikilizaji hujaribu, hukosea, huchekwa, hujaribu tena, na wakishindwa kabisa, mtegaji hatoi jibu bure, bali hudai mji. "Nipe mji," husema, na hapo hupewa Mombasa, au Unguja, au Bagamoyo, akauzuru mji huo kwa maneno, akala na kunywa humo, akajisifu mbele ya walioshindwa, ndipo alifumbue fumbo lake. Waganda nao wana "Kkoyi kkoyi!" na itikio lake "Lya!", na watoto wa Kansanga waliolelewa na bibi zao wanalifahamu jambo hili kama wafahamuvyo watoto wa Lamu. Mji ule haukuwa mchezo mtupu; ulikuwa ndiyo bei ya jibu. Aliyetaabika kulitafuta jibu, hata kama hakulipata, alilipokea likakaa. Na aliyepewa kabla ya kujaribu alilisahau kabla ya moto wa jioni kuzimika.

Katika Ulaya, mtu wa kwanza kulipima jambo la kumbukumbu kwa hesabu alikuwa Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1885. Hakutafuta watu wa kuwapima, bali alijipima nafsi yake: alitunga silabi zisizo na maana zipatazo 2,300, akazipanga safu kwa safu, akazihifadhi, kisha akangoja aone atahitaji kazi kiasi gani kuzihifadhi upya. Baada ya saa 1, akiba aliyobaki nayo ilikuwa asilimia 44 ya kazi ya kwanza. Baada ya siku 1 ilikuwa asilimia 34. Na baada ya siku 31 ilikuwa asilimia 21. Maana yake ni kuwa usahaulifu hauji polepole kama uzee; hupora kilicho kingi katika saa za kwanza, kisha hupunguza mwendo. Lakini katika kitabu kile kile mna habari nyingine ya kufariji, kwamba safu aliyoirudia mara 68 katika siku moja haikumfaa zaidi ya ile aliyoirudia mara 38 tu, zilizogawanywa katika siku 3. Mwanafunzi anayekesha usiku mmoja kwa ajili ya karatasi ya asubuhi na apige mwenyewe hesabu ya marudio 30 yaliyokwenda bure.

Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington, kilichoko katika mji wa St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi wao vifungu vya habari. Baadhi walisoma kifungu mara mbili; wengine walisoma mara moja, kisha wakaandika yote waliyoyakumbuka bila ya kutazama. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma mara mbili walishinda, asilimia 81 kwa 75. Walakini kwa wale waliopimwa baada ya juma moja mizani iligeuka: waliosoma mara mbili walikumbuka asilimia 42, na waliojiuliza walikumbuka asilimia 56. Katika jaribio la pili wataalamu hao waliona jambo linalostahili kubandikwa katika kila mlango wa hosteli, nalo ni kwamba waliosoma tena na tena, bila kujipima hata mara moja, ndio waliokuwa na yakini kubwa kuliko wote kuwa watakumbuka, na ndio waliosahau zaidi juma lilipotimia.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa ghururi yetu. Jicho likipita mara ya tatu juu ya ukurasa ule ule, maneno huwa mepesi, na moyo huuchukua wepesi huo kuwa ni ujuzi; kumbe kilichozoeleka ni sura ya ukurasa, si maana yake. Mtu aweza kuutambua uso wa jirani yake kila asubuhi kwa miaka 10, na siku akiulizwa jina la jirani huyo asilijue. Kutambua ni kazi ya jicho, na kukumbuka ni kazi ya akili isiyo na msaada. Na chumba cha mtihani, pamoja na mahakama, wodi ya wagonjwa na ofisi ya mhasibu, huomba hiyo ya pili.

Mwaka 2013 wanazuoni watano, wakiongozwa na John Dunlosky, walizipitia njia 10 za kusoma zilizo mashuhuri kwa wanafunzi, wakazipima kwa mizani ya utafiti uliokuwapo. Mbili tu ndizo walizozipa daraja ya juu: kujipima mwenyewe, na kuyatawanya masomo katika siku mbalimbali. Kuchanganya maswali ya aina tofauti, kujieleza hatua kwa hatua, na kujiuliza kwa nini jambo liwe hivi na si vile, walizipa daraja ya kati. Na zile tuzipendazo, yaani kupaka rangi maneno ya kitabu, kusoma upya na kuandika muhtasari, ziliangukia daraja ya chini. Hawakusema kuwa rangi ni haramu. Walisema kuwa anayeishia kwenye rangi ameishia mlangoni.

Juu ya kuchanganya maswali kuna jaribio moja lenye mafunzo, la Doug Rohrer na Kelli Taylor, lililochapishwa mwaka 2007. Wanafunzi walifundishwa kutafuta ujazo wa maumbo manne yasiyo ya kawaida. Baadhi walifanya hesabu za umbo moja hata zikaisha ndipo wakahamia umbo jingine, na wengine wakapewa hesabu zote zimechanganywa. Wakati wa mazoezi wa kundi la kwanza walipata asilimia 89 na wa pili 60, na mwalimu yeyote angaliwasifu wale wa kwanza. Juma moja baadaye walipotahiniwa, wale wa kwanza walianguka hadi asilimia 20, na wa pili wakapata 63. Aliyezoea hesabu za namna moja hajafundishwa kuchagua njia. Na mtihani, kama maisha, hauji na kichwa cha habari kinachosema ni mlango gani wa kitabu utumike.

Wako watakaosema kuwa haya ni mageni. Si mageni. Mtoto wa pwani aliyepelekwa chuoni kusoma Kurani akiwa na umri wa miaka 6 hakupewa darsa jipya hata kwanza asikilizwe la jana. Na ubao aliouandikia aya yake kwa wino ulioshwa, ili aya iondoke machoni ikae kifuani peke yake. Kusikilizwa ndiko kujipima, na marudio ya siku kwa siku ndiko kutawanya. Neno kukariri limepata sifa mbaya katika zama zetu, na kwa kiasi linastahili, kwa kuwa anayelihifadhi jambo bila kulifahamu amebeba mzigo uliofungwa asioujua. Illa tusichanganye makosa mawili. Kosa la mtoto wa chuoni, kama lilikuwapo, lilikuwa kutoulizwa kwa nini. Kosa la mwanafunzi wa leo ni kutoulizwa kabisa. Simu yake ni ubao usiooshwa: yote yaliyoandikwa humo yako pale pale, na maadamu yako pale, akili haioni haja ya kuyabeba.

Basi na tuitazame simu hiyo bila hasira. Mwezi wa Januari 2016, wataalamu wawili wa elimu ya nafsi, Yana Weinstein na Megan Sumeracki, waliokuwa wakifundisha vyuoni Marekani, walichoka kuona utafiti wa miaka mia na zaidi umefungiwa katika majarida yasomwayo na wenzao tu. Wakaingia Twitter, mahali ambapo wanafunzi hulalamika kwa sauti kuwa kesho wana mtihani, wakaanza kuwajibu kwa maneno machache: funga kitabu, andika ulikumbukalo, kisha fungua uone ulilolikosa. Kutokana na kazi hiyo ndogo walianzisha jamii iitwayo Learning Scientists, ikachagua njia 6 zenye ushahidi na kuzitolea picha na maelezo ambayo kila mtu aweza kuyachukua bure. Fadhila yao si kwamba waligundua jambo. Ni kwamba waliifuata hadhira ilipo, badala ya kuingoja iwafuate.

Kansanga ina sababu zake za kuhitaji kazi kama hiyo, na ina vikwazo vyake. Tarehe 1 Julai 2018, serikali ya Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila mtu aliyetaka kutumia mitandao ya kijamii, WhatsApp ikiwa miongoni mwake. Na Julai 2021 kodi hiyo iliondolewa, mahali pake pakawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Facebook ilifungwa nchini Januari 2021, katika siku za uchaguzi mkuu, na tangu hapo huingiwa kwa njia za uchochoroni. Kabla ya hayo, Machi 2020, shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa zote hata tarehe 10 Januari 2022, takriban wanafunzi milioni 15 wakiguswa na ufungaji ambao, kwa hesabu ya majuma 83, ulikuwa mrefu kuliko wote duniani. Baadhi ya waliokuwa kwenye madawati ya sekondari katika miaka hiyo ndio wenye vitambulisho vya chuo leo. Walijifunza kusoma peke yao wakati ambapo hapakuwa na mtu wa kuwaonyesha namna ya kusoma peke yao.

Kutokana na msiba huo wa dunia yalipatikana pia maarifa yanayotuhusu. Huko Botswana, wakati shule zilipofungwa, Noam Angrist na wenzake walijaribu kuwafundisha watoto hesabu kwa simu za kawaida, katika nyumba 4,550. Nyumba nyingine zilipelekewa ujumbe mfupi peke yake kila juma. Nyingine zilipelekewa ujumbe, kisha zikapigiwa simu na mwalimu, kwa dakika kama 20 hivi, akamsikiliza mtoto na kumuuliza. Ujumbe peke yake haukuonyesha faida ya kutegemewa. Ujumbe pamoja na sauti iliyouliza ndio uliowainua watoto. Kisha jaribio hilo likapelekwa katika nchi tano, Uganda na Kenya zikiwamo, na katika zote tano matokeo ya sauti ile yakawa mema. Hao walikuwa watoto wa msingi, si wanafunzi wa sheria au uhasibu, wala hawakuwa wakifundishwa mbinu za kusoma. Lakini somo lake halihitaji mfasiri. Ujumbe uliopelekwa ukaachwa ni barua iliyotiwa chini ya mlango. Anayeuliza, akangoja jibu, ndiye aliyeingia nyumbani.

Tena yafaa kutahadhari, kwa kuwa mtandao hubeba nasaha mbovu kwa mwendo ule ule ubebao njema, na pengine kwa mwendo mkubwa zaidi. Nani hajapelekewa ile picha ya piramidi isemayo kuwa binadamu hukumbuka asilimia 10 ya anachosoma, 20 ya anachosikia, na 90 ya anachofanya? Picha hiyo hunasibishwa na Mmarekani Edgar Dale. Lakini mchoro alioutoa Dale mwaka 1946 haukuwa na asilimia hata moja, zilipachikwa na wengine baada yake. Na nani hajaambiwa kuwa yeye ni mwanafunzi wa macho, mwenziwe ni wa masikio, na kila mmoja afundishwe kwa mlango wake? Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu waliupitia ushahidi wa dai hilo, wasipate dalili ya kutosha ya kulitegemeza. Watu huyapenda maneno kama hayo kwa kuwa hayamdai msomaji kazi yoyote. Na nasaha isiyodai kazi ndiyo ya kwanza kutiliwa shaka.

Sasa tuseme mwanafunzi mmoja wa Kansanga, mwakilishi wa darasa lake, ameyasoma haya akakubali, naye ana kundi la watu 120 na bando la kuhesabia. Afanye nini? Kwanza, apunguze kumwaga. Kama ana kurasa 30 juu ya sheria ya mikataba, na azipeleke mara moja, ziwekwe mahali pajulikanapo, ziishe. Kisha kila asubuhi saa 1, kabla ya watu kupanda boda boda, apeleke swali moja: "Bila kufungua daftari, ni mambo gani huyafanya maneno ya watu wawili kuwa mkataba mbele ya sheria?" Jibu asilitoe. Wenye kujua na waandike, wenye kukosea na wakosee, na atakayeandika "sijui" asichekwe kupita kiasi. Jioni saa 2 alete jibu, na chini ya jibu alete swali jingine fupi: kwa nini sheria ikadai hayo, na lingekosekana moja ingekuwaje? Hapo mji umelipwa, na jibu limepata mwenyeji.

Pili, swali lile lisizikwe. Lirudi baada ya siku 2, lirudi baada ya juma, lirudi tena kabla ya mwezi kwisha, kila mara kwa vazi jingine, ili asijibu mtu kwa kukariri umbo la swali. Tatu, maswali yachanganywe: leo mikataba, kesho jinai, kesho kutwa katiba, kisha mikataba tena. Wanakundi watanung'unika kuwa wanayumbishwa, na manung'uniko hayo ni dalili njema. Robert Bjork wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, amelieleza jambo hili kwa miaka mingi, kwamba ziko taabu zinazofaa kutakwa, kwa kuwa huupunguza wepesi wa leo na kuuzidisha ujuzi wa kesho. Nne, maswali yasiwe ya mtu mmoja. Kila juma wanakundi wanne wapewe zamu ya kuyatunga, kwa sababu hakuna awezaye kutunga swali zuri juu ya jambo asilolifahamu, na mtungaji hufaidika kabla ya mjibuji.

Njia hii ina uzuri mwingine ambao mwenye mfuko mwepesi atauona upesi. Video ya mhadhara hula bando la siku nzima. Swali la mistari miwili halili kitu, na hufika hata kwenye simu iliyopasuka kioo. Kadhalika yafaa kwa lugha. Mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, na kwamba kifundishwe kwa lazima shuleni. Na Mganda anayejifunza ngeli leo, akiwa na jirani Mtanzania au Mkenya ng'ambo ya ukuta wa hosteli, hana haja ya kungoja kitabu. Jirani ampelekee neno moja kila siku, "kiti", "mti", "ukuta", naye arudishe wingi wake na sentensi moja, bila kutazama. Na Mganda huyo amlipe mwenziwe kwa neno la Kiganda. Huo ni ushirika ambao kodi ya bando haiuoni.

Wako watakaonijibu kuwa wanafunzi hawana wakati, kwamba kazi za muhula ni nyingi, na kwamba kuna mitihani ambayo haiulizi ufahamu bali huuliza maneno ya mhadhiri kama alivyoyatamka. Nakubali yote matatu. Lakini mtu asiye na wakati ndiye hasa asiyeweza kuumudu usomaji wa marudio 68 mahali pa 38. Na hata mtihani unaotaka maneno tu, aliyejiuliza atayapata upesi kuliko aliyepaka rangi. Wako pia watakaosema kuwa utafiti huu mwingi umefanywa kwa wanafunzi wa Marekani, nao si watu wa Kansanga. Hoja hiyo ni ya haki, na dawa yake iko mkononi mwa kila msomaji: chagua milango miwili ya kitabu kimoja, mmoja uusome mara tatu, mwingine uusome mara moja na kujiuliza mara mbili, kisha baada ya juma ujipime. Ebbinghaus naye alianza na mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa yeye mwenyewe.

Nimalizie kwa neno la Kiganda, maana niko ugenini na adabu ya mgeni ni kuisifu lugha ya mwenyeji. Neno okusoma, ambalo limetokana na Kiswahili chetu, hata leo kwa Waganda lina maana mbili: kusoma kitabu, na kusali. Limebaki hivyo tangu zama za Kabaka Mutesa wa Kwanza, wakati Alexander Mackay, fundi na mmisionari aliyefika Buganda mwaka 1878, alipokuwa akichapa karatasi za kusomea, na wale waliomwendea wakaitwa abasomi, wasomaji. Karatasi zilikuwa chache na wasomaji wengi. Mtu hakuitwa msomaji kwa karatasi aliyokuwa nayo, kwa kuwa mara nyingi hakuwa nayo. Aliulizwa, naye akajibu.

Ewe mwanafunzi wa Kansanga, na wewe uliyeko Morogoro, Eldoret, Bukavu au Muscat, mwenye simu iliyojaa karatasi kuliko abasomi wote wa Mutesa: usiku huu, kabla hujampelekea mwenzio kurasa nyingine 30, mpelekee swali moja. Jibu mpelekee kesho.